Hakimu naye akaanza kuongea kama Cantinflas

Kuna sehemu kwenye Ahí está el detalle, ile muvi ya vichekesho ya Meksiko ambayo staa wake ni Cantinflas, karibu kabisa na mwisho, tuko mahakamani, hakimu anafungua mdomo afunge kesi na maneno yanayomtoka siyo ya hakimu. Ni yale yale ya mshtakiwa, Cantinflas mwenyewe. Sentensi inaanza vizuri na heshima zake zote, inakata kona, inasahau ilikuwa inaenda wapi, inarudi kuomba samahani, inaisha bila kusema kitu. Mwendesha mashtaka anajibu, naye hivyo hivyo. Wakili wa utetezi hivyo hivyo. Watu wazima na suti zao wamesimama pale wanazungusha maneno ya yule kapuku ambaye dakika chache nyuma walikuwa wanataka kumtia hatiani.

Nikacheka, nikarudisha nyuma, nikacheka tena. Afu likaingia swali ambalo limekaa na mimi wiki nyingi sasa, nikiwa kwenye daladala lipo, nikiosha vyombo lipo.

Hii nani aliipanga?

Maana mnajua hii muvi inavyosimuliwa. Mwaka 1940, Cantinflas kaja, Cantinflas kaongea, Meksiko ikapata staa wake mkubwa, mwisho wa stori. Jina la dairekta linapita haraka haraka. Juan Bustillo Oro amekuwa kama dereva wa basi la harusi, kafikisha watu salama na hakuna aliyepiga naye picha.

Na mimi nilikuwa sina tatizo na hiyo stori mpaka nilipofika kwa hakimu. Mario Moreno (ndo jina lake halisi Cantinflas) alikuwa na kipaji cha kutunga maneno palepale mbele ya kamera, hilo halina ubishi, na ukimwangalia unaona kabisa kuna sehemu wenzake wanamsubiri tu amalize. Lakini hawezi kutunga maneno ya hakimu. Hakimu ni mwigizaji mwingine, ana mistari yake, kuna mtu kamwambia aanze kuvurugika wapi na avurugike kwa kiasi gani. Na kuna mtu kaamua kwamba muvi iishie hapo, mahakama nzima ikiwa imeambukizwa, badala ya kuishia kwenye kichekesho kimoja zaidi cha staa.

Basi nikaanza kumfuatilia huyo mtu.

Bobby wawili

Kwa ambao hamjaiona siku nyingi, twende haraka, ila naomba muwe makini na majina.

Cantinflas ni mtu wa kula kulala. Suruali imeshuka chini ya kiuno imefungwa kamba, kisharubu kiko pembeni tu mwa mdomo, kitambaa kimechakaa begani anakiita koti. Mpenzi wake Pacita ni dada wa kazi kwa matajiri, na usiku jamaa anakuja kufuata msosi. Siku hiyo kuna sharti. Mbwa wa pale nyumbani, Bobby, amepata kichaa na lazima auawe, Pacita mwenyewe hawezi, kwa hiyo anayetaka kula aue mbwa kwanza. Anapewa bastola. Angalia anavyoizungukazunguka ile kazi kwa mdomo, haikatai, haikubali, anaongea tu mpaka unasahau ulimwomba nini.

Usiku huo huo bibi mwenye nyumba, Dolores, anasumbuliwa na jamaa yake wa zamani, jambazi, ana barua zake za mapenzi na anataka hela. Huyo jambazi anaitwa Bobby. Bobby Lechuga, mjini wanamwita Fox Terrier.

Yaani hata a.k.a. yake ni ya mbwa.

Mume ni Cayetano Lastre, kachezwa na Joaquín Pardavé, wivu umemjaa mpaka machoni (na yale macho jamani, peke yake yanastahili makala nyingine). Anajifanya kasafiri, anarudi ghafla afumanie, na kweli anakuta mwanaume nyumbani kwake, ila ni Cantinflas, yuko na sigara za bosi na mvinyo wa bosi. Dolores amebanwa, anatoa uongo wa kwanza unaomjia: huyu ni kaka yangu Leonardo, yule aliyepotea. Sasa Leonardo ndo mtu ambaye bila yeye mirathi ya mzee wao haifunguliwi. Hapo hapo hasira za Cayetano zinayeyuka. Shemeji! Karibu shemeji! Mtu aliyekuwa anaenda kuuawa sasa anatandikiwa kitanda.

Mambo yanaharibika anapotokea Clotilde, Sara García huyo, mwanamke aliyetelekezwa na Leonardo wa kweli na watoto wanane, na anataka ndoa ifungwe leo. Kabla ndoa haijakamilika polisi wanaingia. Bobby kauawa. Umemuua Bobby? Nimemuua.

Kesi nzima inasimama kwenye hilo jina moja. Mshtakiwa anakiri kwa moyo mweupe kabisa, hata anashangaa mbona serikali imekusanya watu wote hawa kwa ajili ya mbwa, na mahakama inamsikiliza inaona huyu ni katili ambaye hana hata chembe ya majuto. Na hapo ndo nilipogundua kitu kinachonivuta. Mahakamani hakuna anayedanganya. Uongo wote umefanyika kule sebuleni kwa watu wa heshima, wenye piano na mazulia, na huku kwenye kizimba kila mtu anasema kweli anayoijua, na hiyo kweli ndo inataka kumfunga mtu asiye na kosa.

Hiyo siyo fikra ya mchekeshaji anayetafuta kicheko kinachofuata. Hiyo ni fikra ya mtu aliyekaa akapima muvi nzima kabla ya kuwasha taa.

Maneno ya hemani

Sitamnyang'anya Cantinflas chake. Yule mhusika alitoka naye kwenye carpas, yale mahema ya maonyesho ya bei chee ya Mexico City ambako ukimchosha mtazamaji anakuzomea usoni, kwa hiyo ukisahau mistari hunyamazi, unaongea chochote mpaka upate pa kutokea. Huo mtindo ulishakuwa maarufu kabla ya 1940. Mwaka 1937 kiongozi wa wafanyakazi Vicente Lombardo Toledano akiwa kwenye ugomvi na mwenzake Luis Morones alisema kwamba kama Morones anataka mdahalo basi akabishane na Cantinflas. Hebu fikiria, siasa za juu kabisa za nchi na mfano unaotolewa ni wa mchekeshaji wa hemani.

Na sinema ilishamchukua pia. Arcady Boytler, Mrusi aliyehamia Meksiko, alimweka kwenye ¡Así es mi tierra! na Águila o sol, zote za 1937, akiwa na mwenzake Manuel Medel. Ni muvi nzuri za kuangalia lakini angalia kinachotokea kwenye Águila o sol: hadithi inaenda, halafu jamaa wanapanda jukwaani, hadithi inakaa pembeni inasubiri wafanye yao, wakishuka ndo inaendelea. Boytler amelileta hema ndani ya sinema. Kicheko kiko kwenye boksi lake, machozi kwenye boksi lake.

Bustillo Oro kafanya kinyume. Kamtoa jamaa hemani, kamfungia kwenye nyumba ya watu wenye pesa na kamnyima mwenzake wa kuchekesha naye. Hana Medel. Waliomzunguka ni waigizaji wa jukwaa waliokomaa, Pardavé, Sara García, Sofía Álvarez, Dolores Camarillo kwenye nafasi ya Pacita, watu wanaojua mlango unafunguliwa sekunde gani na sentensi inakatwa wapi. Wote wako makini. Wana shida za kweli, wivu, barua, mirathi, watoto wasio na baba. Halafu katikati yao kuna mtu mmoja ambaye hana shida yoyote zaidi ya njaa.

Nimekaa nikijaribu kufikiria hizi sini na mchekeshaji wa pili akimjibu Cantinflas kwa utani, na muvi inakufa. Inachekesha kwa sababu Cayetano anamjibu kama mtu mwenye akili zake.

Hata sisi huku tunazijua muvi za aina ile nyingine, ambapo kila mtu anachekesha, mama mwenye nyumba anachekesha, mlinzi anachekesha, polisi anachekesha, na baada ya nusu saa uso umekaza unatafuta rimoti.

Nikawatafuta watawa

Sasa hapa ndo stori ilinigeukia.

Nilipoangalia Bustillo Oro alikuwa anafanya nini kabla, nikakutana na Dos monjes, ya 1934. Muvi ya kwanza ya sauti aliyoongoza. Na hiyo haichekeshi hata kidogo. Ni nyumba ya watawa, giza, matao marefu, kamera imelala upande, vivuli vinapanda ukutani, ametawaliwa kabisa na ile sinema ya Kijerumani ya miaka ya 1920. Mpiga picha wake ni Agustín Jiménez, mtu wa picha za mnato, na inaonekana, kuna picha mle ungeweza kuzitundika.

Mtawa Javier anamwona mtawa mgeni, anamtambua, anachukua msalaba anampiga nao kichwani. Mkuu wa nyumba anataka kujua kulikoni. Javier anaungama: huyo ni Juan, alikuwa rafiki yangu, tulimpenda mwanamke mmoja, Ana, na Ana alikufa kwa risasi. Baadaye Juan naye anaungama. Ni mambo yale yale, mwanamke yule yule, risasi ile ile, lakini hadithi ni nyingine. Na Bustillo Oro hakuishia kwenye maneno. Kwenye hadithi ya Javier, Javier kavaa nguo za mwanga na Juan kavaa giza. Hadithi ikigeuka na nguo zinageuka. Sini uliyoiona kutoka upande huu unaiona sasa kutoka upande ule, na huyo uliyemwona mnyama sasa anatia huruma.

Nilikuwa nimekaa kitandani na laptopu mapajani na nikasema kwa sauti, ohoo.

Risasi moja. Maungamo mawili. Kila mmoja anasema kweli. Na mwenye mamlaka amekaa mbele yao anasikiliza na hawezi kuamua.

Ni ile ile kesi ya Bobby!

Miaka sita imepita, mkuu wa watawa kawa hakimu, msalaba kawa nyundo ya mezani, na giza lote lile limeondolewa taa zikawashwa, lakini mashine iliyo ndani ni ile ile. Mtu anakiri kitu alichokifanya, anayemsikiliza anasikia kitu kingine. Kwenye Dos monjes hilo linamfikisha Javier kwenye wazimu, mwishoni yuko kwenye kinanda cha kanisa na nyuso za watawa zimegeuka vinyago vya kutisha. Kwenye Ahí está el detalle wazimu ule ule unaishia kwa hakimu. Badala ya mtu mmoja kuvurugika mbele ya mahakama iliyotulia, mahakama ndo inavurugika mbele ya mtu mmoja aliyetulia.

Nilipoiona hivyo nikarudi kule mwanzo kwenye swali langu nikaona limeshajijibu nusu.

Nyumba, mirathi, kesi

Nusu nyingine iko kwenye karatasi zake za zamani.

Mwaka 1932 Bustillo Oro na rafiki yake Mauricio Magdaleno walianzisha kundi la maigizo, Teatro de Ahora. Wote walikuwa vijana waliotoka kwenye kampeni ya urais ya José Vasconcelos ya 1929, wameshashindwa, wana hasira, na michezo yao ilikuwa ya mafuta, ardhi, Zapata (yule kiongozi wa wakulima kwenye mapinduzi ya Meksiko), na wahamiaji wanaorudishwa kutoka Marekani. Siyo vitu vya kuchekea. Lakini kwenye orodha yao kuna mchezo wa Bustillo Oro unaitwa Tiburón, na huo ni Volpone, mchezo wa zamani wa Mwingereza Ben Jonson, ameuhamishia Meksiko.

Volpone! Tajiri anajifanya anakufa ili wanaotaka kumrithi wamletee zawadi, kila mtu anamlamba viatu kwa ajili ya mirathi, na mambo yanaishia wapi? Mahakamani.

Halafu kuna El compadre Mendoza ya 1933, iliyoongozwa na Fernando de Fuentes kutoka kwenye hadithi ya Magdaleno, Bustillo Oro akiwa kwenye skripti. Mle kuna mwenye shamba, Rosalío Mendoza, vita vya mapinduzi vinaendelea na yeye anakaribisha pande zote. Wakija watu wa Zapata, ukutani kuna picha ya Zapata. Wakija watu wa serikali, picha inabadilishwa inawekwa ya mkubwa wao. Chakula kile kile, meza ile ile, mwenye nyumba anatabasamu lile lile. Ukiangalia zile sini za picha ukutani unacheka, halafu muvi inaenda inakuchoma mwishoni kwa usaliti mbaya sana.

Sasa mrudie Cayetano. Anamkuta kapuku ndani ya nyumba yake, anataka kumuua. Anaambiwa huyu ni Leonardo, anamkumbatia. Mtu hajabadilika, harufu yake ni ile ile, suruali bado imeshuka. Kilichobadilika ni jina walilomtundikia, na jina hilo lina pesa. Huyo ni Mendoza na picha zake ukutani, tofauti ni kwamba safari hii kilichobadilishwa ni mtu mzima.

Kwa hiyo nyumba inayokukaribisha kulingana na wanayedhani ni wewe, ilikuwepo. Mirathi inayowafanya watu wenye heshima wawe wapumbavu, ilikuwepo. Maungamo yanayosikika vibaya, yalikuwepo. Vyote alikuwa navyo huyu bwana mkononi kabla hajakaa na Humberto Gómez Landero kuandika ile skripti ya 1940. Cantinflas ndo alikuwa mpya, alikuja akakuta nyumba imeshajengwa, vyumba vimepangwa, milango iko panapotakiwa.

Na pesa? Kampuni iliyotengeneza ilikuwa Grovas-Oro, Jesús Grovas na yeye. Hiyo Oro ni yake. Hakuajiriwa kuja kusema anza na kata.

Mbona kamera imelala?

Hapa ndo penye shaka yangu kubwa na sitaificha.

Kama mtu alikuwa na jicho la Dos monjes, mbona miaka sita baadaye kamera yake imekaa tu? Ahí está el detalle ni karibu saa mbili za watu wamesimama sebuleni wanaongea. Kamera inawatazama kwa mbali kiasi, mwili mzima au kiunoni, inakaa, inakaa, hakuna vivuli, hakuna kona za ajabu. Mpiga picha alikuwa Jack Draper, siyo mtu asiyejua kazi. Ni rahisi sana kusema jamaa alikata tamaa, sanaa hailipi, akaenda kwenye hela, akaweka kamera chini akamwachia staa. Na mazingira yanakubali kabisa tafsiri hiyo. De Fuentes huyo huyo wa Mendoza alitengeneza Allá en el Rancho Grande mwaka 1936, farasi, nyimbo, mapenzi ya shambani, na ikauza mpaka nje ya nchi, na baada ya hapo kila prodyuza Meksiko alijua watu wanataka nini. Mapinduzi yenye huzuni yanapewa makofi, rancho zenye gitaa zinalipa mishahara.

Niliishi na hiyo tafsiri siku kadhaa na nilikuwa karibu niikubali.

Kilichonitoa ni sini ya mahakama yenyewe, nilipoiangalia bila sauti. Ukizima sauti unaona kwamba umbali ule wa kamera una kazi. Unamwona Cantinflas akiongea NA unamwona anayeongeleshwa. Ukisogea karibu na uso wa Cantinflas unapata mchekeshaji. Ukikaa pale alipokaa Bustillo Oro unapata mtu anayezama, wakili anavyofungua mdomo na kufunga, mikono inavyoanza kutafuta kitu cha kushika. Kicheko kiko kwa msikilizaji. Na maneno yenyewe hayakatiki vizuri, mtu ambaye sentensi yake haina mwisho utamkata wapi? Ukikata umemsaidia, umempa nukta ambayo mwenyewe hakuiweka.

Kwenye Dos monjes kamera ilipinda kwa sababu wanaosimulia wamepinda. Hapa kilichopinda ni lugha, na ili uone kitu kimepinda unahitaji kitu kingine kilichonyooka pembeni yake. Hivyo ndo ninavyoisoma mimi. Kuna mtu atasema nampa jamaa sifa za bure kwa uvivu wake, na sina karatasi ya kumwonyesha, nina hiyo sini tu na sauti imezimwa.

Upande ambao sijaumaliza

Kuna mawili bado yananikera.

La kwanza ni la tabaka. Mtu wa Teatro de Ahora, aliyeandika mambo ya wahamiaji waliorudishwa nyumbani mikono mitupu, mwaka huo huo wa 1940 anatoa pia En tiempos de don Porfirio, muvi ya kukumbuka kwa upendo zama za dikteta Porfirio Díaz, nyimbo za zamani, adabu za zamani, na ikapendwa sana. Na kwenye hii ya Cantinflas maskini ni nani? Mlaji wa bure, mtoro wa kazi, anayeishi kwa jasho la dada wa kazi. Pacita ndo mfanyakazi pekee wa kweli kwenye muvi nzima na hakuna anayemuuliza chochote. Nimejaribu kumtetea Bustillo Oro kwamba matajiri wametoka vibaya zaidi, na ni kweli, lakini kicheko cha kwanza kabisa kinaanzia kwenye njaa ya mtu. Tungeangalia hiyo sini tofauti kama tungekuwa na njaa.

La pili linauma zaidi maana linagusa hoja yangu yote. Kama nyumba ndo kila kitu, basi ukimweka mpangaji mwingine ingesimama. Na alijaribu! Mwaka 1948 aliwachukua Manolín na Schillinsky, wachekeshaji wawili waliokuwa wanapendwa, akatengeneza nao Dos de la vida airada. Inachekesha kiasi chake. Haina ule uhai. Jamaa wanabishana wao kwa wao, na yule mtu mmoja anayevuruga dunia iliyo makini hayupo tena.

Ila geuza na upande wa pili. Cantinflas baada ya 1940 alifanya kazi na Posa Films, kampuni yake yeye na wenzake, na kuanzia El gendarme desconocido ya 1941 mpaka anastaafu karibu muvi zake zote ziliongozwa na mtu mmoja, Miguel M. Delgado. Zimeuza kuliko kawaida. Kuna ambazo nazipenda. Lakini ziangalie tatu nne mfululizo halafu uangalie waliomzunguka: hakimu, daktari, bosi, padri, wote wamekuwa ukuta wa kurushia mpira, wanashangaa, wanakasirika, wanaondoka. Hakuna tena anayeambukizwa. Hotuba zake zinazidi kuwa ndefu na wanaosikiliza wanazidi kuwa wachache, hata kama ukumbi umejaa.

Mpangaji bila nyumba, nyumba bila mpangaji. Walikutana kwenye kazi moja kama mastaa na madairekta wengi wanavyokutana, wakafanya kitu, kila mtu akaenda zake. Bustillo Oro aliendelea kutengeneza muvi mpaka miaka ya 1960, akaandika kumbukumbu zake akiwa mzee, akafariki 1989. Mwaka 1994 jarida la Somos la Meksiko lilipopanga muvi mia bora za nchi hiyo, Ahí está el detalle ilishika namba 10. Dos monjes ilikaa kwenye giza mpaka ilipokarabatiwa na kutolewa tena, na sasa inapatikana kwenye ile seti ya World Cinema Project ya 2020 ya Criterion (kampuni ya Marekani inayotoa upya muvi za zamani), ikiwa pamoja na Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania, kwa hiyo ukiinunua unapata na ya nyumbani Afrika humo humo.

Mdogo wangu kaniuliza aanze na ipi. Nimemwambia aanze na watawa, usiku, taa zimezimwa, hata kama ile nusu saa ya mwanzo itamchosha, afu wiki hiyo hiyo aone ya Bobby. Akianza na Bobby hatawagusa watawa, namjua. Kanijibu atatafuta klipu ya mahakama kwanza.